Imamu Abu Hanifa, Mwalimu Asiyefukuza Mtu

Swali lililorudi mara nyingi katika darasa zetu ni hili: kwa nini chuo huanza mwaka kimejaa watoto, na mwaka unapomalizika wamebaki wachache? Na kwa nini mtu mzima ambaye hakujaaliwa kusoma udogoni huona haya kuja darasani, akastahabu kubaki na ujinga wake kuliko kuchekwa na walio wadogo zake? Wako wanaowalaumu wazazi, na wako wanaoulaumu ulimwengu wa leo na mambo yake. Hayo yote yana sehemu yake ya kweli. Lakini sisi twaona kwamba yatupasa kuuangalia mlango wenyewe. Mwenye kuja hupokewa kwa uso gani? Akikosea husahihishwa au huaibishwa? Akiteleza katika mwenendo wake, je, huulizwa yuko wapi, au jina lake hufutwa?

Kwa ajili hiyo tumeona tuandike habari za mtu mmoja ambaye jina lake si geni kwa Mwislamu yeyote, naye ni Imamu Abu Hanifa. Sisi watu wa pwani wengi wetu ni Mashafii, na ndugu zetu wenye asili ya Bara Hindi, tunaoswali nao bega kwa bega katika misikiti ya Mombasa, wengi wao ni Mahanafii. Kwa hiyo Imamu huyu twamjua zaidi kwa jina na kwa mas-ala ya kutofautiana kuliko kwa maisha yake. Habari tutakazozitaja zimepokewa na waandishi wa tarehe kama vile Khatib wa Baghdad na wengineo. Yale ya kumkuza kupita kiasi, kama kuswali alfajiri kwa udhu wa isha kwa miaka arubaini, tumeyaacha kwa makusudi, kwa kuwa hayatufundishi kitu tunachoweza kukitenda, na yeye mwenyewe hana haja nayo.

Jina lake ni Nuuman bin Thabit. Alizaliwa mjini Kufa, nchi ya Iraki, mwaka wa 80 Hijria, ndio mwaka 699, katika ukhalifa wa Abdulmalik bin Marwan. Mji wa Kufa ulijengwa katika zama za Sayyidna Umar uwe kambi ya majeshi, naye akampeleka huko Abdullah bin Masud awe mwalimu wa watu. Tangu siku hizo ukawa mji wa elimu, na pia ukawa mji wa fitina. Makundi yalishindana misikitini na masokoni, na wengine hawakuishia katika maneno.

Abu Hanifa hakuwa Mwarabu. Babu yake, Zuta, wengi wamesema alitoka upande wa Kabul. Wako waliopokea kwamba babu huyo alikuwa mtumwa wa kabila la Taimullah kisha akaachwa huru, na mjukuu wa Imamu, Ismail bin Hammad, aliyakanusha maneno hayo. Sisi hatuoni haja ya kuingia katika ushindani huo. Tunalolistaajabia ni kwamba hapa kwetu wako mpaka leo wanaouliza kwanza ukoo wa mwalimu kabla ya kuuliza elimu yake, na hao hao walitajapo jina la Abu Hanifa humwombea rehema.

Kazi yake ilikuwa biashara ya nguo. Alikuwa na duka la vitambaa vya khazi, yaani hariri iliyochanganywa na sufi, na mapato yake yalikuwa mazuri. Huenda angeishi na kufa mfanyabiashara mwema kama wengine wengi waliosahauliwa, lau si neno moja la mtu mmoja. Siku moja, akiwa kijana, alipita akielekea sokoni, akamkuta mwanachuoni mkubwa wa Kufa, Amir Ash-Shaabi. Mzee yule akamwuliza anakwenda kwa nani. Kijana akamtaja mfanyabiashara mmoja wa sokoni. Mzee akamwambia kwamba hakuwa akiuliza habari ya soko. Alitaka kujua anakwenda kwa mwanachuoni gani. Kijana akakiri kwamba kwa wanavyuoni huenda kwa nadra. Hapo Ash-Shaabi hakumlaumu wala hakumtisha kwa moto. Alimwambia kuwa anamwona ana akili iliyo macho na wepesi wa kufahamu, basi asiiache elimu na asiache kukaa na wenyewe. Maneno yale yakamwingia moyoni, akaanza kupunguza soko na kuzidisha darasa.

Tazama lilivyokuwa dogo jambo lile. Mzee hakutoa mali wala hakutoa wakati mwingi. Alisimama njiani kidogo na kumwambia kijana jema aliloliona kwake.

Hapo mwanzo aliingia katika elimu ya majadiliano ya itikadi, akawa hodari wa kushinda watu kwa hoja. Kisha siku moja akaja mwanamke kumwuliza juu ya mume aliyetaka kumwacha mkewe kwa njia ya Sunna: ampe talaka namna gani? Bingwa wa hoja hakuwa na jibu. Akamwelekeza mwanamke yule kwa Hammad bin Abi Sulaiman, ambaye halka yake ilikuwa karibu, na akamwomba akiisha kujibiwa arudi amweleze alivyojibiwa. Mwanamke akaenda, akajibiwa, akarudi, akamweleza. Abu Hanifa akachukua viatu vyake, akaondoka, akaenda kukaa mbele ya Hammad.

Hammad huyu alikuwa mwanafunzi wa Ibrahim An-Nakhai, naye aliipokea elimu yake kwa wanafunzi wa Ibn Masud. Alikuwa akisomesha mas-ala, na kesho yake akiwataka wanafunzi wayarudie. Alipoona kwamba yule muuza nguo anayahifadhi na wenziwe wanakosea, aliamuru pasikae mtu mbele ya halka, mkabala wake, isipokuwa Abu Hanifa. Kipimo kilikuwa darasa, wala hakikuwa nasaba.

Akakaa naye miaka kumi. Kisha, kama inavyowapata wengi, nafsi ikamwambia kwamba yeye sasa amekwisha kuwa mwalimu, na ajitenge afungue halka yake. Akatoka jioni moja kwa nia hiyo. Lakini alipoingia msikitini na kumwona shekhe wake, moyo haukumpa kumwacha, akaja akakaa naye. Usiku ule ule Hammad akapata habari kwamba jamaa yake amekufa Basra na ameacha mali, wala hana mrithi ila yeye. Akampa Abu Hanifa mahali pake, akasafiri.

Alikawia miezi miwili. Katika muda huo watu wakaleta maswali ambayo Abu Hanifa hakuyasikia kwa shekhe wake, akawa akiyajibu kwa ijtihadi yake na kuyaandika majibu. Hammad aliporudi, mwanafunzi akamletea karatasi zake. Yalikuwa mas-ala sitini. Hammad akayapitia yote: katika arubaini akamwafiki, na katika ishirini akamkhalifu. Abu Hanifa akaapa hatamwacha shekhe wake mpaka mmoja wao afe. Akakaa naye mpaka Hammad alipofariki mwaka wa 120 Hijria, na jumla ya miaka ya kukaa naye ikawa kumi na minane.

Habari hii twaipenda kuliko nyingi nyinginezo, na twaomba ruhusa tusimame hapa kidogo. Hammad alikuwa na njia mbili zilizo rahisi. Ya kwanza, angeweza kuyatazama yale makosa ishirini tu, akamkemea kwa ujasiri wa kujibu asiyofundishwa, na kijana yule angeondoka na kinyongo, au asithubutu tena kufungua kinywa. Ya pili, angeweza kumsifu tu kwa kuwa alimpenda, akayafunika yale makosa, na Kufa ingepata mufti mwenye kupoteza watu. Hakufanya hili wala lile. Aliyaona arubaini na kuyathibitisha, akayaona ishirini na kuyarekebisha, na mwanafunzi hakufukuzwa wala hakudanganywa. Matokeo yake ni kwamba yule aliyetaka kujitenga akajifunga mwenyewe kwa kiapo asitoke. Wenye kudhani kwamba mwanafunzi hushikwa kwa bakora na wafikiri ni bakora gani ingeliweza kumfunga mtu miaka minane mingine.

Alipokufa Hammad, wanafunzi walimkalisha Abu Hanifa mahali pake, na tangu hapo ikaanza halka iliyotajika katika nchi zote za Kiislamu. Namna yake ya kusomesha ilikuwa na ugeni. Hakuwa akisoma na wengine wakiandika tu. Alikuwa akilitupa swali katikati ya halka, na kila mwenye rai huitoa, na wengine huipinga, na sauti hupanda. Na mas-ala mengine yalizungushwa siku nyingi kabla ya kuthibitishwa. Alikuwamo mwanafunzi aitwaye Afia bin Yazid, na ilikuwa pindi asipohudhuria, Imamu huwataka wenziwe wasilifunge swali mpaka Afia aje. Akija na kuwaafiki, ndipo huandikwa. Aliwakataza kuyaandika maneno yake yote bila ya kupambanua, kwa kuwa yeye ni binadamu, leo huona rai na kesho akaiacha.

Ndiyo sababu mtu akivifungua vitabu vya madhehebu ya Hanafi mpaka leo hukuta kauli ya Imamu, na ubavuni mwake kauli ya Abu Yusuf na ya Muhammad bin Al-Hasan, wanafunzi wake, wakimkhalifu katika mas-ala mengi. Hakuna aliyeyafuta maneno ya wanafunzi kwa kumstahi mwalimu. Tulinganishe hayo na darasa ambazo kijana akiuliza dalili huambiwa kuwa ana kiburi, na akiuliza mara ya pili huambiwa kuwa amepotea.

Ama Abu Yusuf, habari yake ni mfano wa peke yake. Jina lake Yaakub bin Ibrahim, alizaliwa Kufa mwaka wa 113 Hijria katika nyumba ya umasikini. Alikuwa akija darasani, na wazee wake wakimtaka afanye kazi. Katika pokezi moja ni babake aliyemwambia asijilinganishe na Abu Hanifa, kwani Abu Hanifa mkate wake uko tayari, na yeye hajui atakula nini. Katika pokezi nyingine ni mamake mjane, aliyemtia kazini kwa dobi, kisha akawa kila mara akija kumtoa halkani kwa mkono. Lolote liwalo, mtoto akaacha kuja.

Abu Hanifa akauliza habari zake. Hili ndilo la kwanza: alijua kwamba fulani hayupo. Yaakub aliporudi, akamwuliza kilichomzuia, naye akasema ni kutafuta riziki na kuwatii wazazi. Imamu hakumpa mawaidha juu ya ubora wa elimu. Mtoto aliyekuwa na njaa alikuwa akiujua ubora wake. Alimngoja mpaka watu wakatawanyika, akampa mfuko. Alipoutazama akakuta dirhamu mia. Akamwambia asiiache halka, na zikimalizika amjulishe. Haukupita muda mwingi akampa mia nyingine, kisha nyingine, wala Yaakub hakupata kumwambia hata mara moja kwamba zimekwisha. Alikuwa kana kwamba anaambiwa siku zinapomalizika. Hivyo ndivyo alivyoendelea mpaka mwanafunzi akajitosheleza.

Mali ile haikutoka katika sadaka za watu. Abu Hanifa alikuwa akitia fungu katika biashara yake, na faida yake akiikusanya mwaka kwa mwaka, kisha akiwanunulia mashekhe na wanafunzi nguo na vyakula na mahitaji yao, na iliyosalia akiwapa fedha. Akiwaambia wamshukuru Mwenyezi Mungu na wala wasimshukuru yeye, kwa kuwa hakuwapa kitu katika mali yake, bali ni fadhila ya Mungu iliyopitia mkononi mwake. Basi mwenye kupokea hakuwa na haja ya kuinamisha kichwa.

Hata hivyo asidhani msomaji kwamba upole ule ulikuwa ulegevu. Abu Yusuf aliwahi kuugua sana, na Imamu alipokwenda kumtazama alisema kwa huzuni kwamba alikuwa akimtarajia awe mwenye kuwafaa Waislamu baada yake. Maneno yale yakamfikia mgonjwa. Alipopona yakampanda kichwani, akafungua halka yake mwenyewe na watu wakamwendea. Abu Hanifa hakwenda kumtangaza msikitini kuwa ni mtovu wa adabu. Alimtuma mtu amwulize swali: mtu amempa dobi nguo kuisafisha, kisha alipoitaka dobi akakana kuwa hana nguo yake, baadaye akamrudishia ikiwa imekwisha kusafishwa. Je, dobi anastahili ujira? Akamwagiza yule mtu kwamba akijibu kuwa anastahili, amwambie amekosea. Na akijibu kuwa hastahili, amwambie vile vile amekosea. Abu Yusuf akajibu kuwa anastahili, akaambiwa amekosea. Akafikiri, akasema hastahili, akaambiwa amekosea. Akainuka pale pale, akaenda kwa Abu Hanifa.

Imamu alipomwona alijua kwamba aliyemleta ni dobi. Akamfundisha: ikiwa aliisafisha nguo baada ya kuikana, hana ujira, kwa kuwa aliisafisha kwa ajili yake mwenyewe, na ikiwa aliisafisha kabla ya kuikana, anao ujira, kwa kuwa aliisafisha kwa ajili ya mwenyewe nguo. Kisha akamnasihi kwamba mwenye kudhani hana tena haja ya kujifunza na ajililie. Abu Yusuf akarudi mahali pake. Mwanafunzi huyu baadaye alikuwa mtu wa kwanza kuitwa Kadhi wa Makadhi katika dola ya Kiislamu, na ndiye aliyemwandikia Khalifa Harun Rashid kitabu cha Kharaji juu ya kodi na haki za raia. Alifariki mwaka wa 182 Hijria, ndio mwaka 798. Haya yote yangaliishia katika beseni la dobi.

Kwa mtoto mdogo pia Imamu alikuwa na mwendo wake. Mwanawe Hammad, ambaye alimwita kwa jina la shekhe wake, alipohitimu Suratul Fatiha tu, Imamu alimpelekea mwalimu wake dirhamu mia tano, na wengine wamesema elfu. Mwalimu akastaajabu, akaona hakufanya kazi ya kustahili fedha zile. Imamu akamjibu kwamba asikidharau alichomfundisha mwanawe, na lau angekuwa na zaidi angempa, kwa kuitukuza Kurani. Hapa kwetu mwalimu wa chuo hupewa kidogo, tena kwa kukawizwa, kisha hutakiwa awe na uso mkunjufu kwa watoto wetu siku nzima. Mwenye kutaka mwalimu asiwe mkali na aanze kwa kumlipa.

Na mamake Imamu alikuwa hai katika utu uzima wake. Siku moja alikuwa na swali la dini, mwanawe akampa fatwa; bibi yule hakuikubali. Akasema haridhiki mpaka asikie kwa Zura, aliyekuwa mtoa mawaidha msikitini. Zura yule hakuwa mwenye kulinganishwa na Abu Hanifa katika fiqhi hata kidogo. Imamu akamchukua mamake mpaka kwa Zura, akamweleza kwamba mama anataka fatwa ya jambo kadha wa kadha. Zura akashangaa, akasema Abu Hanifa ni mjuzi kuliko yeye, basi amfutu mwenyewe. Imamu akamwambia kwamba amekwisha kumjibu hivi na hivi. Zura akamgeukia bibi, akasema jibu ni kama alivyosema Abu Hanifa. Bibi akaridhika, akaondoka. Wangapi katika sisi, tukiulizwa na mwanamke mzee asiyetuamini, tungekubali kufuatana naye njiani ili akasikie jibu letu katika kinywa cha mwingine?

Sasa tufike katika habari ya jirani yake. Alikuwako Kufa mshona viatu aliyekaa karibu na Abu Hanifa. Mchana kutwa alifanya kazi. Usiku alirudi na nyama au samaki, akala, kisha akaketi kunywa ulevi. Ukimpanda, huinua sauti akaimba shairi ambalo ndani yake mtu analalamika kwamba jamaa zake wamempoteza kijana ambaye siku ya vita wangemhitaji. Huimba hivyo mpaka usingizi umshike. Na Abu Hanifa, ambaye kila usiku alikuwa akisimama kuswali, akiyasikia hayo ukutani.

Usiku mmoja sauti haikusikika. Imamu akauliza, akaambiwa kwamba walinzi wa usiku walimkamata siku kadhaa zilizopita, naye yuko kifungoni. Baada ya sala ya alfajiri Imamu akapanda nyumbu wake, akaenda kwa Amiri, akabisha hodi. Amiri akaamuru aingizwe akiwa juu ya mnyama wake, asiachwe ateremke mpaka akanyage busati. Akampa makao ya heshima, akamwuliza haja yake. Haja ilikuwa mshona viatu mmoja, jirani. Amiri akaamuru aachiwe, yeye na kila aliyekamatwa tangu usiku ule. Imamu akapanda nyumbu wake kurudi, na mshona viatu akimfuata kwa miguu nyuma yake. Walipofika, Imamu akateremka, akamwendea, akamwuliza kwa maneno ya ule wimbo wake mwenyewe kama wao wamempoteza. Yule mtu akajibu kwamba la, wamemhifadhi na kumchunga, akamwombea jaza ya wenye kutimiza haki ya ujirani. Akatubu, na wapokezi wanasema hakurudia tena.

Wako watakaosema kwamba mwendo huu huwapa wafasiki ujasiri. Tumelisikia neno hili, na wenye kulisema ni watu wanaoipenda dini. Lakini na wautazame mwenendo wa Imamu kwa utaratibu. Hakusema ulevi ni jambo dogo. Hakukaa naye katika kikao chake. Alijua tu kwamba yule ni jirani, na ni Mwislamu, na kwamba sauti yake imekosekana. Katika mitaa yetu wamo watoto walionaswa na unga. Twawapita vibarazani na kwenye ngazi za misikiti, na kukamatwa kwao huwa ni faraja kwa mtaa. Twauliza: ni nani katika sisi aliyeamka alfajiri akaenda kituoni kumwulizia mmoja wao kwa jina la babake?

Jambo hili kwa Abu Hanifa halikuwa hulka njema tu. Lilisimama juu ya itikadi. Katika zama zake Makhawariji walikuwa wakimhukumu mwenye kutenda dhambi kubwa kwamba ametoka katika Uislamu, na damu yake ikawa halali kwao. Yeye alishika kwamba Mwislamu mwenye kuasi ni Muumini aliyeasi, na hukumu yake iko kwa Mwenyezi Mungu, akitaka atamwadhibu na akitaka atamsamehe. Kwa ajili ya kauli hiyo alisingiziwa mengi, hata akamwandikia mwanachuoni wa Basra, Uthman Al-Batti, barua ya kuifafanua. Mwenye kuamini hivyo hawezi kumfungia mtu mlango wa msikiti, kwani hana hati ya kumtoa katika umma.

Na wala hakuwa laini kwa wenye nguvu. Mwisho wa dola ya Bani Umayya, liwali wa Iraki, Ibn Hubaira, alimtaka ashike kazi serikalini, akakataa, akapigwa mijeledi siku baada ya siku. Imepokewa kwamba kilichomuuma zaidi ya mijeledi ni huzuni ya mamake. Akakimbilia Makka mpaka Bani Abbas waliposhika dola. Nao pia wakamtaka: Khalifa Al-Mansur alimwita Baghdad awe kadhi, akakataa, akatiwa gerezani. Akafariki huko Baghdad mwaka wa 150 Hijria, ndio mwaka 767, akazikwa katika makaburi ya Khaizuran. Mtaa ule mpaka leo huitwa Aadhamia, kwa lakabu yake ya Al-Imam Al-Aadham.

Mwendo wake ulibaki kwa wanafunzi. Muhammad bin Al-Hasan, aliyekuwa kijana mdogo Imamu alipokufa, alikuja kuwa mwalimu mkubwa Iraki. Alimjia mgeni kutoka Kairawani, Asad bin Al-Furat, akalalamika kwamba yeye ni mgeni, nafaka yake ni chache, na wanafunzi ni wengi hata hapati nafasi ya kusikia. Muhammad akampangia asikie mchana pamoja na watu, na usiku aje nyumbani amsomeshe peke yake. Akawa akiweka chombo cha maji karibu, na mgeni akisinzia humnyunyizia usoni, darasa likaendelea.

Kisha mnamo mwaka wa 184 Hijria akaletwa Iraki kijana wa Kikureshi kutoka Yemen, ametuhumiwa kuwa ni mwasi kwa Khalifa, na roho yake imo hatarini. Muhammad bin Al-Hasan alikuwa katika baraza ya Harun Rashid, akamtolea ushahidi mwema kwamba ni mtu wa elimu. Kijana akasalimika, akakaa kwake akisoma, naye akimsaidia na kumwazima vitabu. Wakabishana sana katika mas-ala, na kijana yule akamkhalifu katika mengi, kama Muhammad mwenyewe alivyomkhalifu Abu Hanifa, wala hakufukuzwa. Alizaliwa mwaka ule ule wa 150 aliofariki Abu Hanifa. Jina lake Muhammad bin Idris Ash-Shafii, naye mwenyewe ametaja kwamba elimu aliyoibeba kutoka kwa Muhammad bin Al-Hasan ilikuwa mzigo wa ngamia.